Msesewe si kwinini: pa kuanzia ukitaka kujifunza mitishamba

Kwetu Uru, juu kidogo ya Moshi mjini, msesewe ulisimama kando ya mfereji, nyuma ya zizi. Siku za kupika mbege baba mkubwa aliuchanja gome, likaanikwa, likatwangwa, likachemshwa, na maji yake yakamiminwa kwenye pipa kuleta ule uchungu anaoujua kila mnywaji. Aliuita "kwinini yetu". Alisema mtu wa mbege hasumbuliwi na malaria kwa sababu ya msesewe, na sisi watoto tuliamini, maana nani angembishia?

Nilipoanza kujifunza mitishamba kwa dhati, mstari wa kwanza wa daftari langu ulisomeka hivi: "Msesewe ni kwinini. Hutibu malaria." Ilinichukua karibu mwaka kugundua kwamba mstari ule mfupi ulikuwa na makosa mawili.

Kwinini hutoka kwenye magome ya sinkona, mti wenye asili ya milima ya Andes huko Amerika Kusini, wa ukoo mmoja na kahawa. Msesewe ni Rauvolfia caffra, mti wa Afrika wa ukoo mwingine kabisa. Ndugu yake wa India, Rauvolfia serpentina, ndiye aliyetoa reserpini, kemikali iliyotengwa maabara mwaka 1952 na kuwa miongoni mwa dawa za mwanzo za shinikizo la damu. Kinachouunganisha msesewe na sinkona ni uchungu mdomoni, basi. Mti niliouandika kuwa dawa ya homa una udugu na dawa za presha. Sasa mfikirie mzee anayemeza vidonge vya presha kila asubuhi, halafu jioni anapata homa na jirani mwenye huruma anamletea kikombe cha msesewe uliochemshwa. Hakuna aliyemtakia mabaya. Jina ndilo lililopotosha.

Kwa hiyo kijana anaponijia, kama wanavyokuja wengi siku hizi, na kuniuliza "nataka kusomea mitishamba, nianzie wapi?", simwambii kwanza mmea unaotibu nini. Namrudisha kwenye swali ambalo mimi nililiruka: huu ni mmea gani hasa?

Jina moja, mimea mingi

Anayeishi Arusha au Moshi ana bahati na ana mtihani. Bahati ni kwamba bila kwenda mbali unapita nyika ya Wamaasai, vihamba vya migomba na kahawa, msitu wa mvua, hadi nyasi za baridi juu mlimani. Mtihani ni kwamba kila ukanda una lugha yake ya kuita mimea. Kichaga chenyewe hakiwi kimoja kutoka Rombo hadi Machame. Ongeza Kimeru, Kiarusha, Kimaasai, Kipare, halafu Kiswahili cha sokoni kinachochukua jina lolote linalouzika.

Chukua kivumbasi. Wengi tunalijua jina hilo kwa mmea wa harufu kali unaowekwa ndani kufukuza mbu. Lakini kuna zaidi ya mmoja unaoitwa hivyo. Upo Ocimum gratissimum, ambao mara nyingi hunukia kama karafuu. Upo pia ule uliopewa jina la mlima wetu, Ocimum kilimandscharicum, ambao hunukia kafuri kwa sababu umejaa kafuri. Kafuri ikimezwa na mtoto mdogo inaweza kumletea degedege. Ukisoma mahali kwamba "chai ya kivumbasi inafaa kikohozi cha watoto", je, mwandishi alikuwa na upi mkononi? Kama hakuandika, wewe huna njia ya kujua, na maandishi hayo hayakufai kitu, hata kama aliyeyaandika ni mkweli.

Tatizo hili halipo kwetu peke yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki moja ya kupunguza unene jijini Brussels, Ubelgiji, iliwapa wanawake vidonge vyenye mimea ya Kichina. Mmoja ulipaswa kuwa Stephania tetrandra, ambao Kichina huitwa fangji. Badala yake iliingia Aristolochia fangchi, iitwayo guang fangji. Majina yanakaribiana, mizizi mikavu inafanana. Ya pili ina asidi inayoharibu figo. Madaktari walipotoa taarifa yao mwaka 1993 walikuwa wameanza kuona wanawake vijana wenye figo zilizokufa, na idadi hatimaye ilipita 100. Baadhi walipata baadaye saratani ya njia ya mkojo. Kule kulikuwa na kliniki, madaktari, vipimo na risiti. Palipokosekana mtu wa kuuliza "huu ni mzizi gani?", hayo yote hayakuwasaidia.

Ndiyo maana jina la kisayansi, lile la maneno mawili, si urembo wa wasomi. Ni anwani ya mmea. Ukiwa nalo unaweza kuutafuta mmea huohuo katika maandishi ya Nairobi, Pretoria na Geneva bila kuogopa kwamba wanazungumzia mwingine. Lina usumbufu wake: wataalamu hulibadilisha wanapozijua vyema koo za mimea. Mgunga ambao Wamaasai huuita olkiloriti uliandikwa miaka mingi kama Acacia nilotica. Sasa ni Vachellia nilotica. Mugariga uliitwa Carissa edulis, sasa ni Carissa spinarum. Usipojua jina la zamani utakosa nusu ya yaliyoandikwa. Bustani ya mimea ya Kew ya London ina orodha ya mimea ya dunia kwenye intaneti, bure, na ukiingiza jina lolote la kisayansi itakuonyesha jina linalokubaliwa leo, majina yake ya zamani, na nchi ambazo mmea huo ni wa asili. Mimi huanzia hapo kila mara. Ikiniambia mmea haupo Afrika Mashariki na mimi nimeukuta unamea wenyewe porini Longido, najua nimekosea kuutambua, au kuna mtu aliuleta.

Hazina iliyoko Ngaramtoni

Jambo linalonisikitisha ni kwamba watu wa Arusha wanapita kila siku kwenye barabara ya Namanga bila kujua wanapita karibu na nini. Ngaramtoni, katika eneo ambalo wengi bado wanaliita TPRI na ambalo sasa liko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ndipo ilipo Hebaria ya Taifa. Hebaria ni maktaba ya mimea iliyokaushwa. Badala ya vitabu kuna makabati, na ndani ya makabati kuna karatasi nzito, kila moja imebandikwa tawi kavu: majani, maua, tunda likiwepo. Pembeni kuna lebo inayosema nani alilichuma, lini, wapi, katika mwinuko gani, na wenyeji wa pale waliliitaje.

Lebo hiyo ndiyo inayonigusa zaidi. Jina la Kimeru au la Kimaasai lililoandikwa na mtu aliyesimama mbele ya mti wenyewe, akimsikiliza mwenye mti, limeshikamana na tawi halisi ambalo mtu wa leo anaweza kulitazama. Kosa likiwepo, linaonekana na kurekebishwa. Ujumbe wa WhatsApp hauna tawi nyuma yake.

Kujifunza kutengeneza sampuli ya namna hiyo ni zoezi bora kuliko kusoma orodha za magonjwa, na halihitaji fedha. Chagua tawi la urefu wa kiganja na nusu, lenye majani yaliyokomaa na ua au tunda. Jani tupu mara nyingi halitoshi kumtambulisha mmea. Litandaze kati ya magazeti, jani moja moja, mengine yageuze yaonyeshe mgongo, kwa kuwa vinyweleo na mishipa ya nyuma ya jani husema mengi. Weka boksi juu na chini, funga kwa kamba, kandamiza kwa mawe au matofali. Badilisha magazeti kila siku, la sivyo litaota ukungu. Huku kwetu msimu wa masika nimepoteza sampuli nyingi kwa uvivu wa siku mbili. Papo hapo ulipochuma, kabla hujaondoka, andika yale ambayo tawi kavu halitakumbuka: rangi ya ua, harufu ya jani ukilifikicha, utomvu ni mweupe au wa maji, mti au kichaka, ulimea kwenye nini, aliyekuonyesha aliuitaje na ni mtu wa wapi. Kama ni mmea unaochuma kwenye kihamba cha mtu, omba. Ndani ya hifadhi ya Kilimanjaro usikate kitu bila kibali.

Programu za simu za kutambua mimea kwa picha zinasaidia kukisia. Kwa maua ya bustani hukisia vizuri. Kwa vichaka vya nyika yetu mimi nimezikuta zikibahatisha, tena kwa kujiamini. Zichukue kama rafiki anayesema "nadhani ni fulani", halafu nenda ukathibitishe.

Na cha kuthibitishia kipo. Kazi kubwa ya kuelezea mimea yote ya Kenya, Uganda na Tanzania ilianza kuchapishwa mwaka 1952 na ikakamilika mwaka 2012, spishi zaidi ya 12,000. Lugha yake ni ngumu, imejaa istilahi za umbo la jani na mpangilio wa ua, na sikushauri uanze nayo peke yako. Kwa mwanafunzi wa kwanza, kitabu cha John Kokwaro cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1976, kinasomeka vizuri zaidi: kinakupa jina la kisayansi, majina ya wenyeji, na matumizi yaliyokusanywa kutoka kwao. Kumbuka tu kwamba kinakuambia watu wanautumia kwa nini. Kama unaponya kweli, hilo ni swali lingine, nami nitalifikia.

Jani moja, dawa mbili

Ukishaujua mmea, bado hujajua dawa. Simama na shubiri mkononi. Likate jani kwa wembe na uliweke wima. Kutoka chini kidogo ya ganda utatiririka utomvu wa manjano, mchungu kupita kiasi. Ukiendelea kumenya utafika kwenye ute usio na rangi, unaoteleza. Hivyo viwili ni dawa mbili tofauti. Utomvu wa manjano ni wa kuharisha, na kwa nguvu. Haufai mjamzito wala mtoto. Ute ndio ambao watu huupaka kwenye ngozi iliyoungua kidogo. Shirika la Afya Duniani lilipotoa juzuu ya kwanza ya maelezo yake ya mimea ya dawa mwaka 1999, liliiandikia shubiri sura mbili zinazojitegemea, moja ya utomvu na moja ya ute. Anayekuambia "saga jani zima unywe" amezichanganya bila kujua.

Tena shubiri iliyoandikwa humo ni Aloe vera (kwa utomvu, pia Aloe ferox), na ile inayomea yenyewe kwenye nyika ya Monduli na Longido, ambayo Wamaasai huiita osuguroi, ni ya spishi nyingine. Udugu upo. Kipimo kilichoandikwa kwa mmoja hukihamishi kwa mwenzake kwa sababu tu wote wana miiba pembeni.

Namna ya kutengeneza nayo hubadilisha dawa, na hapa mfano wa pakanga ni wa kufundishia. Artemisia annua umewahi kulimwa Arusha kwa ajili ya viwanda vya dawa za malaria, na mpaka leo utakutana na watu wanaotoa majani yake kama chai. Historia yake wanaijua nusu. Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2015, alijaribu mmea huo akapata matokeo yasiyotulia. Alirudi kwenye maandishi ya mganga Ge Hong wa karne ya 4, akaona kwamba mganga huyo hakuchemsha: aliloweka majani kwenye maji akayakamua. Tu akawaza kwamba pengine moto unaiharibu dawa, akatumia etha yenye kuchemka kwa joto dogo, na hapo ndipo artemisini ilipopatikana. Kemikali hiyo haiyeyuki vizuri kwenye maji, na kiwango chake hutofautiana mmea kwa mmea. Kikombe kimoja cha chai kinaweza kuwa nayo kidogo na kingine kidogo zaidi. Vimelea vilivyoguswa na dawa pungufu havifi vyote. Homa inatulia, halafu inarudi. Shirika la Afya Duniani limekataa matumizi ya majani hayo kutibu au kuzuia malaria kwa sababu hiyo, na kwa hofu ya kuzalisha usugu dhidi ya dawa mseto, ambazo ndizo tunazozitegemea. Ninawaheshimu wanaopanda pakanga. Mtoto wangu akiwa na malaria, anapimwa na kupewa dawa mseto.

"Imethibitishwa" na nani, kwa nani?

Neno hili limechakaa. Kila chupa ya barabarani imethibitishwa. Nilichojifunza ni kuliuliza: imethibitishwa wapi, ndani ya nini?

Kuna utafiti wa kwenye kioo cha maabara: maji ya mmea yamewekwa juu ya bakteria au seli za saratani, zikafa. Huo ni mwanzo mzuri wa swali, na hauna zaidi. Sabuni ya kufulia nayo ingeziua. Kuna utafiti wa panya. Kisha kuna utafiti wa watu, ambako kundi moja linapewa dawa, jingine linapewa kitu kinachofanana nayo, na hakuna anayejua nani kapewa nini mpaka mwisho. Makala nyingi utakazokuta kuhusu mimea yetu ziko ngazi ya kwanza na ya pili. Si aibu kwa mimea. Ni kwamba utafiti wa watu ni ghali na haujafanyika. Lakini mwenye kuuza hatakuambia alisimama ngazi gani.

Yale maelezo ya Shirika la Afya Duniani yalinifundisha kusoma kwa sababu yanapanga matumizi ya kila mmea katika mafungu matatu: yaliyothibitika kwa utafiti wa watu, yaliyomo kwenye vitabu rasmi vya dawa na mifumo ya jadi, na yaliyo ya desturi tu bila ushahidi wa utafiti. Fungua tangawizi. Fungu la kwanza linataja kichefuchefu na kutapika, pamoja na kile cha safarini. Mengine mengi tunayoisifia yanashuka kwenye mafungu ya chini. Kuona hivyo hakukunipunguzia mapenzi na tangawizi. Kulinipa mahali pa kuiweka. Sasa daftari langu lina mafungu hayohayo matatu, na ninapoandika kitu kwenye la kwanza mkono unakuwa mzito, kama unavyopaswa.

Sisi wa mkoa wa Arusha tuliishuhudia nguvu ya swali hili mwaka 2011, kikombe cha Loliondo kilipovuta nchi nzima na majirani. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu, alikuwa akigawa kijijini Samunge kikombe kwa shilingi 500, na foleni ya magari ikanyooka kilomita nyingi nyikani. Mmea wenyewe, mugariga, ulitambuliwa mapema. Wataalamu wa serikali waliukagua na kusema kinywaji kile ni salama kunyweka. Watu wengi walisikia "salama" wakaelewa "kinaponya". Hayo ni maswali mawili. Maji ya kunywa ni salama. Wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi baada ya kikombe. Sisemi haya kumshutumu marehemu, ambaye wengi walimpenda, nikiwemo mimi. Bei yake ilionyesha kwamba hakutafuta utajiri. Nasema kwa sababu mwanafunzi wa mitishamba atakutana na sentensi "serikali imeipima" mara elfu, na lazima aulize iliipima nini.

Yeyo wa Kilombero

Kuna walimu ambao hawamo vitabuni. Nje ya soko la Kilombero jijini Arusha huketi akina mama wa Kimaasai, turubai chini, magome yamefungwa mafungu, mizizi, chupa za unga. Mmoja nimekuwa nikimwendea kwa miaka kadhaa; namwita yeyo, yaani mama kwa Kimaasai. Mara ya kwanza ilikuwa hivi.

"Takwenya, yeyo."

"Iko."

"Naomba kujifunza. Hii ni nini?"

"Olkiloriti. Ya supu. Ukila nyama nyingi bila hii, tumbo linakaa zito."

"Na hii?"

"Olmukutan. Ya minyoo." Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Unywe siku ambayo hupandi gari."

"Mjamzito je?"

"Aa-a! Huyo asiguse. Mama yangu alinikataza mimba ya kwanza."

"Na ya kisukari ipo?"

Akatikisa kichwa. "Kisukari mimi sikukijua kwetu. Nenda hospitali."

Jibu hilo la mwisho ndilo lililonirudisha kwake. Anajua mpaka wa anachokijua. Anajua nani asinywe, anajua dawa inafanya nini mwilini hata pale inapokera, anajua aliambiwa na nani. Hatua chache kutoka pale, siku hiyohiyo, kijana mwenye kipaza sauti alikuwa akiuza unga wa kahawia kwenye kopo lenye orodha ya magonjwa kuanzia vidonda vya tumbo hadi mikosi. Nilimuuliza ndani mna mmea gani. Akasema ni siri ya babu yake. Nilimuuliza nani haruhusiwi kutumia. Akasema ni ya asili, haina madhara.

Ukisikia "haina madhara", ondoka. Mnanaha ni wa asili, na mbegu zake humtia mtu wazimu au kumuua. Mafuta ya mwarobaini ni ya asili, na yaliwahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa. Tena unga usiojulikana una hatari ya ziada: sehemu nyingi duniani mamlaka za dawa zimekamata unga "wa asili", hasa wa nguvu za kiume, wa kupunguza mwili na wa maumivu ya viungo, uliochanganywa kwa siri na dawa za kiwandani. Mwanafunzi anunue kitu anachokiona umbo lake: gome likiwa gome, mzizi ukiwa mzizi.

Kwa mwalimu kama yeyo nakwenda na mikono isiyo mitupu. Sukari, majani ya chai, au nanunua mafungu mawili kabla ya kuuliza. Namwomba ruhusa ya kuandika. Kuna mambo aliyoniambia niyajue nisiyatangaze, na hayamo humu. Elimu hii ina wenyewe.

Pia nilimuuliza anavyochuma. Alinionyesha kwa mkono: gome la upande mmoja, pana kiasi cha kiganja, na mti unaachwa upone. Ukizungusha gome pande zote, mti unakufa ukiwa umesimama. Mkondekonde wa mlimani, Prunus africana, ambao gome lake hutafutwa duniani kwa matatizo ya tezi dume, umekuwa kwenye orodha ya biashara inayodhibitiwa kimataifa tangu 1995 kwa sababu ya uchumaji wa namna hiyo.

Kabla hujampa mtu kikombe

Kujifunza kwa ajili yako na kutibu watu ni mambo mawili mbele ya sheria. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala namba 23 ya mwaka 2002 ilianzisha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na anayetaka kutoa huduma anapaswa kusajiliwa nalo. Njia ya kawaida huanzia kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri yako, ambaye watu wengi hawajui kwamba yupo. Mtembelee mapema, hata kama bado unajifunza. Atakuambia waganga waliosajiliwa eneo lako, na hao ndio wa kuomba uwe mwanafunzi wao. Kwa wanaotaka njia ya chuo, Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili, yenye mizizi katika kitengo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1974, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu nayo ina watafiti wa dawa za asili.

Mwisho, dawa za hospitali. Kitunguu saumu cha mboga hakina neno, lakini kwa wingi wa dawa kinaweza kuongeza kutoka damu kwa mtu anayetumia warfarini. Kwa mgonjwa wa presha, kisukari, moyo, Ukimwi au kifafa, na kwa mjamzito au anayenyonyesha, swali la kwanza kwako si "nimpe nini", ni "anameza nini tayari". Muulize, andika, na mwambie amwonyeshe daktari wake. Wagonjwa huwaficha madaktari mitishamba kwa kuogopa kugombezwa. Wewe usiwe sababu ya siri hiyo.

Kama unaanza leo, chukua mimea mitano tu, iliyo karibu na mlango wako, uliyokwisha kuiona ikichanua. Mchaichai, tangawizi, shubiri, kivumbasi, na mmoja wa kwenu ambao bibi yako anaujua. Kaa nayo mwaka mzima, masika na kiangazi. Ikaushe, ibandike, itafutie jina, muulize bibi, soma, muulize bibi tena.

Ukurasa wangu wa msesewe umeandikwa upya mara nne. Sasa unasema: Rauvolfia caffra. Kichaga cha Uru, msesewe. Gome, huchemshwa kutia uchungu kwenye mbege; nimeambiwa na baba mkubwa, nimeshuhudia mwenyewe. Asipewe mwenye dawa za presha au za moyo. Fungu la tatu, la desturi, lina mistari sita. Fungu la kwanza bado ni jeupe, na tawi lililobandikwa juu yake, lenye maua madogo yaliyogeuka kahawia, nililichuma palepale nyuma ya zizi.